Wang yupi sasa? Jinsi ya kuita na kuandika majina ya ukoo ya Wachina bila kuchanganya watu

Nimekaa stoo kipa kwenye saiti ya barabara ya Wachina miaka minne, na kesi ya kwanza kunikuta pale haikuwa ya mafuta wala ya simenti, ilikuwa ya grainda moja tu. Jioni nahesabu vifaa, grainda haipo, nafungua daftari naona kachukua "Wang", naenda kwa Wang, anatikisa kichwa, ananioneshea Wang mwingine, yule naye anatikisa kichwa, kumbe kambini wako Wang wanne na mimi nimeandika Wang tu kama vile dunia nzima yupo mmoja. Mwisho wa mwezi nikakatwa hela ya grainda. Ndo nikaanza kujifunza haya majina kwa uchungu, na leo namwaga hapa kwa yeyote anayefanya kazi saiti, anayeagiza mzigo Guangzhou au Yiwu, au aliyeanza darasa la Kichina akaona majina yote yanafanana.

Anza na hili: ukoo uko mbele

Sisi tunaanza na jina la mtu, afu la baba, la babu au la ukoo linakaa huko mwisho. Mchina anapindua, ukoo unatangulia mtu anafuata. Xi Jinping, ukoo ni Xi. Mao Zedong, ukoo ni Mao. Yule mrefu wa kikapu Yao Ming, jezi yake iliandikwa YAO na kuna watu wakadhani Wamarekani wamempa jina la kwanza mgongoni, hapana, hilo ndo la ukoo, Ming ndo yeye mwenyewe.

Utata unaanza pale Mchina anapojiongezea jina la kizungu, Jack, Tony, Lucy, hapo ukoo unahamia nyuma kama wanavyofanya Wazungu. Jack Ma kwao ni Ma Yun. Bruce Lee wa vibanda vya video vya enzi zetu, Wachina wanamwita Li Xiaolong, ukoo umerudi mbele. Kwa hiyo ukikuta jina lote ni la Kichina na hujui limekaaje, angalia urefu: la ukoo mara nyingi ni silabi moja, la mtu ni moja au mbili zilizoshikana. "Xiaoming Zhang" au "Zhang Xiaoming", kote ukoo ni Zhang, kile kifupi. Zikiwa fupi zote mbili usibahatishe, angalia pasipoti maana kule ukoo una mstari wake, au angalia kadi ya biashara kama neno moja limeandikwa kwa herufi kubwa zote, hilo ndo la ukoo.

Kuna koo chache za silabi mbili zinazovunja hiyo kanuni: Ouyang, Sima, Zhuge, Shangguan. Ukiona Ouyang usiikate vipande, usimwite mtu "Mista Ou", hilo ni jina moja zima.

Na tukiwa hapo hapo, acha kumwita mtu mzima kwa jina lake la pili. Mimi miezi mitatu nilikuwa namwita fomani "Mista Jianguo", nadhani nampa heshima kabisa, maana kwetu ukisema Mzee Juma au Bwana Hamisi ni adabu tupu. Kwao jina hilo tupu anaitwa na mama yake, mke wake, na rafiki aliyesoma naye. Yule fomani alikuwa ananijibu huku anatabasamu kidogo, nikajua ananipenda, kumbe anashangaa tu.

Kwa nini Wang ni wengi hivi

Hesabu za Wizara ya Usalama wa Umma ya China za 2019 zilionyesha koo tano za juu ni Wang, Li, Zhang, Liu na Chen, kwa mpangilio huo. Wang peke yao wamezidi milioni 100, na Li nao wamezidi milioni 100, yaani ukoo mmoja tu unaizidi Tanzania nzima kwa mbali. Hizo tano zikijumlishwa ni kama asilimia 30 ya Wachina wote. Koo zinazotumika zipo kama 6,000 hivi, ila mia za kwanza zinabeba karibu asilimia 85 ya watu, zile elfu tano na ushee zilizobaki zinagombania makombo.

Kwa hiyo ukiwa na Wachina ishirini saiti, Wang mmoja au wawili ndo hesabu inavyotaka, na wakifika watatu wanne sio maajabu. Ila inategemea pia wametoka wapi. Wang, Li na Zhang wamejaa kaskazini, ukishuka kusini Guangdong na Fujian unaanza kupishana na Chen, Lin na Huang. Fujian na Taiwan wana msemo kabisa kwamba Chen na Lin ni nusu ya dunia, Huang na Zheng wamejaa mtaani. Kampuni ikitoka kusini, basi jiandae na Chen sita.

Na usije ukafikiri Wang wawili ni ndugu. Hili Waswahili tunalielewa haraka, ukienda Kilimanjaro ukakutana na Mushi wawili huwaulizi kama ni mapacha. Zamani Wachina walikuwa wanakatazana kuoana watu wa ukoo mmoja hata kama undugu wenyewe haujulikani, siku hizi sheria inakataza ndugu wa karibu tu, na kwa watu milioni 100 sijui wangefanyaje vinginevyo.

Yametoka wapi

Hapa ndo patamu, na ukijua asili yake jina halikupotei tena.

Herufi yenyewe ya neno "ukoo" kwa Kichina, xing, upande wake mmoja ni alama ya mwanamke. Koo za kale kabisa kama Ji, Jiang, Yao na Ying nazo zina hiyo alama ya mwanamke ndani, na wengi wanaamini ni kumbukumbu ya enzi ambazo mtu alihesabiwa kwa mama. Enzi hizo kulikuwa na majina ya aina mbili, xing la ukoo mkubwa wa damu, na shi la tawi, ambalo wakubwa walilipata kwa eneo walilopewa au cheo. Mkulima wa kawaida hakuwa nalo. Baada ya mfalme wa Qin kuziunganisha dola zote mwaka 221 kabla ya Kristo na utawala wa Han kufuata, aina hizo mbili zikachanganyika zikawa kitu kimoja na kila mtu akapata lake. Mpaka leo wananchi wa kawaida kwa Kichina wanaitwa laobaixing, yaani "wale wa koo mia", ndo wenyewe hao walalahoi.

Sasa yale majina ya matawi ndo yaliyojaa leo, na yana milango kadhaa. Mlango mkubwa ni dola za kale: Zhao, Song, Chen, Zheng, Wu, Cai, hizo zote zilikuwa dola, dola ikapigwa ikafa, watu wakabaki na jina lake kama urithi. Mlango mwingine ni vyeo. Sima maana yake msimamizi wa farasi, kilikuwa cheo cha mkuu wa mambo ya vita, na mwanahistoria Sima Qian jina lake ndo hilo. Tao ni mfinyanzi. Wengine walichukua pale walipokaa, Ximen ni "geti la magharibi", kama vile kwetu mtu aitwe Mlangomkuu.

Wang maana yake mfalme. Na ndo sababu wako wengi, sio kwamba kuna mfalme mmoja aliyezaa sana, ni kwamba kila ufalme ulipoanguka wale watoto na wajukuu wa ikulu walibaki wanaitwa na majirani "wale wa mfalme", jina likaganda. Shang walianguka wakatoka Wang, Zhou wakaanguka wakatoka Wang, Qi nao hivyo hivyo. Kwa hiyo Wang wangu wanne wa saiti kila mmoja anaweza kuwa ametoka kwa mfalme wake tofauti.

Li ni mti wa plamu, na ulitanda hasa kwa sababu ya ukoo wa kifalme wa Tang, waliotawala kuanzia 618 mpaka 907. Watawala wenyewe walikuwa Li, walidai wametokana na Laozi, mwanafalsafa wa kale, na jemadari akifanya vizuri vitani anapewa zawadi ya kuitwa Li. Yaani badala ya kiwanja unapewa ukoo. Zhang herufi yake ni upinde upande mmoja na "refu" upande wa pili, na simulizi inasema babu yao ndo aliyebuni upinde. Liu walikuwa ikulu enzi za Han, na hiyo ilikuwa miaka mia nne, muda wa kutosha kuzaana.

Halafu kuna waliobadilishwa. Enzi za Han kulikuwa na mfalme anaitwa Liu Zhuang, na jina la mfalme lilikuwa halitamkwi ovyo, kwa hiyo watu wa ukoo wa Zhuang ikabidi wajiite Yan, basi. Mwaka 496 mfalme Xiaowen wa Wei ya Kaskazini, ambaye hakuwa wa kabila la Wahan, ndo Wachina walio wengi, aliamuru watu wake waache majina yao marefu wachukue ya Kichina, na yeye mwenyewe akaanza, akaacha Tuoba akawa Yuan. Ukoo wa kifalme wa Wamanchu, Aisin Gioro, ulipoanguka 1912 wengi wakawa Jin, maana aisin kwa lugha yao ni dhahabu na jin kwa Kichina ni dhahabu, kwa hiyo walitafsiri tu wakajificha.

Na Ma. Herufi yake ni farasi, ila Waislamu wa Kihui wengi waliichukua kwa sababu inasikika kama mwanzo wa Muhammad. Wachina wana usemi kwamba Wahui kumi, tisa ni Ma. Yule kapteni mkubwa Zheng He, ambaye meli zake zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi, alizaliwa Ma huko Yunnan, baba yake na babu yake walikuwa mahujaji, na jina la Zheng alipewa na mfalme Yongle kama zawadi. Enzi hizo hizo, 1415, Malindi walimpelekea mfalme twiga. Kwa hiyo ukikutana na Mchina anaitwa Ma na hagusi nguruwe kantini, usishangae, mwoneshe msikiti ulipo. Ila sio kila Ma ni Mwislamu, Jack Ma siye.

Kuna kijitabu cha enzi za Song kinaitwa Baijiaxing, koo mia, ingawa ndani zimefika 504, watoto walikuwa wanakikariri kwa mahadhi kama madrasa wanavyokariri Juzuu Amma. Kinaanza Zhao, Qian, Sun, Li. Watu wanadhani huo ndo mpangilio wa wingi. Sio. Zhao ametangulia kwa sababu mfalme wa Song alikuwa Zhao, ungethubutu kumweka wa pili? Leo Qian hata kwenye hamsini za kwanza hayumo, na Wang ambaye ndo mwenye watu kule kawekwa wa nane.

Kutamka na kuandika

Ulimi wa Kiswahili hapa una bahati. Ile "ng" ya mwisho ni ng' ya ng'ombe, Wang ni "wang'", sio "wangu" bila u. Zh isome kama j, Zhang ni "jang'", Zhou ni "jou", ukisema "zang" hakuna atakayegeuka. Q ni ch laini, Qian ni kama "chien". X iko katikati ya s na sh, Xu, Xie. C ni ts, Cai ni "tsai".

Ila huu mwandiko wa Kichina kwa herufi za kizungu, unaitwa pinyin, ulipitishwa China Bara 1958, na Wachina wa Hong Kong, Singapore au Malaysia wanaandika ukoo huo huo kwa matamshi ya lahaja zao. Chen wa Beijing ni Chan Hong Kong na ni Tan Singapore, kwa hiyo Jackie Chan ni Chen. Lin ni Lam au Lim. Zhang ni Cheung au Teo. Liu ni Lau. Cai ni Choi, Chua, au Tsai. Wu ni Ng, na hapo ndo Mzungu anapokwama kabisa anauliza irabu iko wapi, wewe mwambie ni ng' ya ng'ombe, toa ombe, imeisha hiyo. Mbaya kuliko zote ni Wong, maana Hong Kong Wang ni Wong na Huang naye ni Wong, na kwa herufi hizi zetu huwezi kuwatenganisha hata ukodoe macho.

Kuna na wa Lü, wenye vidoti viwili juu. Kompyuta nyingi hazina hiyo herufi, pasipoti zao mpya zinaandika LYU, ila kwenye kadi za benki na tiketi utakuta LV. Kama unatuma TT, yaani hela ya benki kwa benki, kwa muuzaji wa ukoo huo, usiandike unavyosikia, mwambie akutumie skrinshoti ya jina lilivyo benki kwake, nakili herufi kwa herufi. Mzigo unaweza ukakaa wiki nzima kwa sababu ya U.

Muulize mwenyewe, na uliza hivi

Sema "Nin gui xing?", tamka "nin gwei shing'", ni kama kusema ukoo wako mtukufu ni upi. Atakujibu "Wo xing Wang". Hapo usiishie, maana hata kwa Kichina chenyewe majina yanagongana kwa sauti, kuna Zhang mbili zilizo tofauti kabisa. Wao wana njia yao ya kupasua herufi mdomoni: Li ni "mu zi Li", yaani mti na mtoto. Lin ni "shuang mu Lin", miti miwili. Chen ni "er dong Chen", sikio na mashariki. Wu ni "kou tian Wu", mdomo na mbingu. Zhang wa upinde ni "gong chang Zhang". Wang ni "san heng Wang", mistari mitatu ya kulala, na kweli herufi yake ni mistari mitatu na mmoja umesimama katikati, hata mtoto wa chekechea anaichora. Huang ni "cao tou Huang", wa majani kichwani.

Mpe kalamu aandike mwenyewe herufi moja pembeni. Mimi nilikuwa naona noma kumsumbua mtu, kumbe wanafurahi, wengine wanaanza na kukuelezea kijiji cha babu.

Ukishajua ukoo, cheo chake kinakaa nyuma ya jina, sio mbele kama kwetu. Injinia Wang ni Wang gong. Mwalimu Li ni Li laoshi. Bosi Zhang ni Zhang zong, na zong hiyo ukimpa hata meneja mdogo hatakataa. Fundi ni shifu, Chen shifu, dereva naye shifu. Wakiwa wenyewe kwa wenyewe wanatenganisha kwa umri: Lao Wang ni Mzee Wang, Xiao Wang ni Wang mdogo, Da Wang ni Wang mkubwa. Wewe kijana usimwite mtu mzima Xiao, hiyo anaitwa na waliomzidi.

Mambo ya ndoa nayo yanachanganya watu. Mwanamke wa Kichina akiolewa habadili ukoo, kwa hiyo ukikutana na Bwana Liu na mkewe anaitwa Zhao usianze kunong'ona kantini. Mtoto anaweza kuchukua wa baba au wa mama kisheria, wengi wanachukua wa baba. Hong Kong kuna wanaoweka wa mume mbele ya wa kwao, mfano kiongozi wao wa zamani Carrie Lam Cheng Yuet-ngor, Lam ni wa mume, Cheng ndo wa kwao. Na familia za zamani zilikuwa na silabi moja ya kizazi kizima, Mao Zedong wadogo zake ni Zemin na Zetan, hiyo Ze ndo inakwambia wako ngazi moja.

Daftari langu siku hizi lina safu nne: ukoo kwa pinyin, jina kamili kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi moja aliyoandika yeye kwa mkono wake, na cheo, gong au shifu. Tangu niweke ile safu ya tatu sijapoteza hata spana.

Ile grainda ilipatikana. Aliyeichukua hakuwa Wang hata mmoja katika wale wanne, alikuwa mchomeleaji wa Zhejiang anaitwa Huang, na watu wa kule kwao wakitamka Huang na Wang vinatoka kitu kimoja, na mimi niliandika nilichosikia. Alikuja mwenyewe stoo siku ya nane, kaishika mkononi, anataka diski mpya. Hela yangu haikurudi.